Lumbesa ya Maneno



Leo tukae kwenye mstari mmoja tu wa Hotuba ya Mlimani, Mt 5:37, pale Bwana anapotaka ndiyo yetu iwe ndiyo kweli na siyo yetu iwe siyo. Wengi tumezoea kuusoma mstari huu tukiwaza viapo vya mahakamani, au ahadi za wachumba. Mimi naomba tuusome tukiwa na neno moja mkononi, neno ambalo miaka hii limepanda mpaka huku kwetu milimani Mlola. Linapita kwenye video za simu, kwenye semina za mafanikio, na kwenye meza za wauza virutubisho. Neno lenyewe ni "kwantamu".

Najua kuna walioguna. "Frateri, fizikia tena? Si tuliiacha kidato cha pili?" Tulieni. Sitawapa hesabu. Nataka tuangalie namna tunavyolisema hilo neno, kwa sababu kuna watu wanaumia kwa namna linavyosemwa, na baadhi ya wanaowaumiza ni vijana wa kwetu, wanaokaa benchi moja na sisi kanisani.

Kwa wasiopajua, Mlola ni Lushoto, Usambara ya Magharibi, unapita Magamba halafu unazidi kwenda. Huku tunalima viazi, kabichi, karoti, maharage. Na mtu yeyote anayelima viazi anaijua lumbesa. Gunia linajaa mpaka mdomoni, halafu mnunuzi anashindilia tena juu yake, anashona kishungi kwa kamba, kinasimama kama kilemba. Mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya vipimo imeweka kilo 100 kuwa mwisho wa gunia, na Wakala wa Vipimo wanasimamia, lakini kishungi bado tunakiona barabarani. Maandiko yalishaliona jambo hili zamani. Someni Law 19:35-36 juu ya mizani ya haki, na Mit 11:1.

Sasa, neno nalo ni gunia. Lina mahali linapojaa. Na "kwantamu" ni neno linalobebeshwa lumbesa kuliko maneno yote ninayoyasikia siku hizi.

Tuanze na kilichomo ndani ya gunia. Quantum ni Kilatini, maana yake "kiasi gani". Yaani ni swali la sokoni kabisa! Mwaka 1900, huko Berlin, Max Planck alikuwa anahangaika kueleza mwanga na joto vinavyotoka kwenye kitu kilichopashwa moto. Hesabu zake zilikaa sawa pale tu alipokubali kwamba nishati haitoki kama maji ya bomba. Inatoka kwa mafungu, kama nyanya za mama sokoni: unanunua fungu moja, mawili, matatu, nusu fungu hakuna. Mwaka 1905 Albert Einstein akasema mwanga wenyewe unasafiri kwa mafungu hayo, na fungu moja likigonga chuma linaweza kung'oa elektroni. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Tuzo ya Nobel ya 1921. Sola iliyo juu ya bati la kwenu inafanya kazi kwa njia iliyo ndugu na hiyo, mafungu ya mwanga yakisukuma elektroni ndani ya silikoni. Kwa hiyo kama unachaji simu kwa sola, wewe ni mteja wa kwantamu tangu zamani.

Mwaka 1925 Werner Heisenberg, na 1926 Erwin Schrödinger, wakaandika hesabu kamili. Max Born akaongeza kipande ambacho wengi wanakiruka: hesabu hizi hazikuambii nini kitatokea, zinakuambia uwezekano wa kila kinachoweza kutokea. Umoja wa Mataifa uliufanya 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi hii, miaka 100 tangu Heisenberg.

Kuna jaribio moja mnalolisikia kila mara, basi tulisikie vizuri leo. Elektroni zinatumwa moja moja kuelekea kizuizi chenye njia mbili nyembamba. Kila moja ikifika upande wa pili inaacha nukta moja. Ukisubiri nukta zifike maelfu, zinajipanga milia milia, kama mawimbi mawili ya maji yaliyokutana. Kundi la Akira Tonomura kule Japani lililipiga picha jambo hili mwaka 1989, kwa kifaa kinachofanya kazi ya njia hizo mbili. Ukiweka chombo cha kujua kila elektroni imepitia njia ipi, milia inapotea.

Ni ajabu kweli. Sijakutana na mtu aliyelielewa halafu asitikise kichwa. Lakini hapa ndipo kishungi kinapoanza kushonwa. Mtu anasikia "mtazamaji anabadilisha matokeo", anaruka mpaka "macho yangu yanabadilisha dunia", anaruka tena mpaka "mawazo yangu yanaumba ukweli", na mwisho anatua kwenye "tamka gari, kwantamu italileta". Hatua nne, na sayansi ilibaki kwenye ya kwanza.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha walizoanzia wenyewe. Wao walitumia neno la kutazama, na watu wakafikiria jicho na roho. Sisi tuna neno kupima. Ukitaka kupima kiazi unakiweka kwenye mizani. Lazima kiguse kitu. Kupima ni kugusa. Mwaka 2003, huko Vienna, watafiti walifanya jaribio la milia kwa molekuli za kaboni zenye atomu 70 kila moja, kisha wakaanza kuingiza gesi kidogo kidogo ndani ya chombo. Kadiri gesi ilivyoongezeka, milia ikafifia. Hakukuwa na mtu aliyekodoa macho mle ndani. Gesi iligongana na molekuli, basi. Gesi haina mawazo chanya wala hasi.

Nisiwe mwongo, maana leo tunasema juu ya ukweli. Yupo mwanafizikia mkubwa, Eugene Wigner, ambaye mwaka 1961 aliandika kwamba huenda fahamu ya mtu ina nafasi katika jambo hili. Baadaye alibadili mawazo. Lakini hata yeye hakusema kwamba anayetazama anachagua matokeo. Hesabu ya Born haina mahali pa kuandika matamanio yako. Uwezekano ukiwa nusu kwa nusu, utabaki nusu kwa nusu hata ukifunga siku arobaini.

Na maana ya yote haya ni nini? Hapo wenyewe hawakubaliani mpaka leo. Niels Bohr alikuwa na jibu lake, Einstein alilikataa mpaka alipofariki 1955. David Bohm mwaka 1952 alileta maelezo mengine, Hugh Everett mwaka 1957 mengine kabisa, ya dunia zinazogawanyika. Wote wanatumia hesabu zinazotoa majibu yaleyale maabara. Wanakubaliana kwenye hesabu, wanagombana kwenye maana. Niliposoma falsafa hili ndilo lilinivutia kuliko yote: watu wenye akili ile wanaweza kukaa karibu miaka mia na kusema, hapa tunajua, na hapa hatujui. Ndiyo yao ni ndiyo. Heisenberg mwenyewe, katika mihadhara aliyoitoa Scotland 1955 na 1956, alirudi kwa Aristotle na lile wazo la uwezekano ulio katikati ya kuwa na kutokuwa. Mnaosoma falsafa, kilisomeni kitabu chake kabla ya kuamini video ya dakika mbili.

Haya, turudi kwa mhubiri wa "tamka".

Mnajua namna mahubiri hayo yanavyokwenda. Anafungua Ebr 11:3, juu ya ulimwengu kuumbwa kwa neno la Mungu na vinavyoonekana kutokea katika visivyoonekana, halafu anasema, "Mnaona? Mtume alijua kwantamu!" Kisha anakupa neno la Mungu wewe mkononi, kana kwamba aliyeumba katika mstari ule ni wewe. Wapendwa, msomeni mwandishi. Anasema nani aliumba. Imani katika sura ile ya kumi na moja ni ya Abrahamu aliyeondoka bila kujua anakokwenda. Hakuna mtu katika sura nzima aliyejitengenezea matokeo kwa kuyawaza. Na kama mnataka mtu aliyetamka neno na dunia ikabadilika, mwendeeni Mama yetu katika Lk 1:38. Alitamka nini? Alijitoa kwa mpango wa mwingine. Hakuagiza.

Jambo hili lina ubaya kuliko kuchekesha. Nimekaa na binti mmoja wa huku aliyefiwa na mama yake kwa kansa. Aliambiwa kwenye semina fulani kwamba nyumba nzima "ilitetema chini", kwamba walitazama ugonjwa badala ya kutazama uzima, ndiyo maana. Mwaka mzima binti huyu amebeba kifo cha mama yake kama amekiua yeye, kwa sababu usiku mmoja alilia mbele ya mgonjwa. Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza swali la namna hiyo mbele ya kipofu, nani alitenda dhambi, na Bwana akawakatalia pale pale (Yn 9:1-3). Kulia mbele ya mgonjwa kunaitwa upendo. Yesu naye alilia kaburini kwa Lazaro, na alikuwa anajua atakachofanya dakika chache baadaye.

Kuna lumbesa nyingine, na hii ni ya kwetu Wakatoliki, kwa hiyo nitaisema polepole. Wapo wanaotaka kutumia kwantamu kutetea imani. Wana nia njema. Nilisikia kijana kwenye kongamano akieleza Ekaristi kwamba ni kama elektroni iliyo katika hali mbili kwa pamoja: mkate na Mwili kwa wakati mmoja. Watu walipiga makofi. Lakini fikirieni kidogo. Kwanza, Kanisa halifundishi hivyo. Mtaguso wa Trento mwaka 1551 ulieleza kwamba uwamo wote wa mkate unageuka kuwa Mwili wa Kristo, yanabaki maumbo tu. Hakuna nusu mkate, hakuna mkate na Mwili vikikaa pamoja. Pili, elektroni iliyo katika hali mbili, ukiipima, inakupa moja. Kama Ekaristi ingekuwa hivyo, kila Alhamisi tunapopiga magoti saa nzima tukiitazama monstransi, tungekuwa tunaihatarisha! Anayesema hivyo anataka kumtetea Bwana, kumbe ameshampoteza katikati ya sentensi.

Wengine wanasema maombezi ya watakatifu ni chembe mbili zilizofungamana kwa mbali. Kufungamana kupo, ni kweli kabisa. John Bell alionyesha mwaka 1964 namna ya kukupima, na Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger wakapata Nobel ya 2022 kwa kazi hiyo. Ila fizikia yenyewe inasema kwa kufungamana huko huwezi kutuma ujumbe, hata neno moja. Sasa Mtakatifu Anthoni atakusikiaje kwa njia isiyopitisha neno? Ushirika wa watakatifu unasimama juu ya Kristo mfufuka, ambaye sisi ni viungo vyake. Hauhitaji kuegemezwa kwenye elektroni.

Wazee wetu walilijua hatari hili. Mtakatifu Augustino, katika ufafanuzi wake wa Mwanzo, aliwakaripia Wakristo wanaosema ovyo juu ya nyota na viumbe huku wakidai wanasema Maandiko. Mpagani anayeyajua mambo hayo akisikia, atawaaminije juu ya ufufuko? Mtakatifu Thoma wa Akwino naye anaonya kwamba anayethibitisha imani kwa hoja dhaifu anawafanya wasioamini wacheke, wakidhani hizo ndizo sababu zetu za kuamini. Na karibu na nyakati zetu yupo Padre Georges Lemaître, Mbelgiji, aliyependekeza kwamba ulimwengu ulianza kutoka chembe moja na unatanuka. Mwezi Novemba 1951 Papa Pius XII alizungumza kana kwamba fizikia hiyo inashuhudia uumbaji wa Mungu. Nani hakufurahia hotuba ile? Padre Lemaître mwenyewe! Nadharia yake inaweza kubadilika kesho, alijua hilo, na hakutaka Muumba afungwe kwenye nadharia. Mimi nampenda sana padre huyu. Alivaa kanzu, akafanya hesabu, na hakuchanganya.

Sasa nifike kwenye meza ya sokoni, ambako ndiko hasa nilitaka tufike.

Mmeiona ile mashine. Kompyuta ndogo, waya, na fimbo ya chuma. Unataja umri wako, uzito, urefu. Unashika fimbo dakika moja. Inatoka ripoti ya kurasa nyingi: ini lako, figo, kongosho, mifupa, mpaka macho. Juu ya ripoti limeandikwa neno letu, kwantamu. Na pembeni ya mashine, makopo ya virutubisho, kila ugonjwa na kopo lake.

Mama yangu mkubwa, hapa hapa Mlola, ana kisukari. Jina lake silitaji, ila ameniruhusu kusema. Alikuwa anatumia vidonge vya kliniki vizuri tu. Siku ya soko akapimwa na mashine hiyo. Ripoti ikasema kongosho iko kawaida, tatizo ni "sumu mwilini". Alinunua makopo mawili kwa hela ya maharage, akaacha vidonge. Nilipofika likizo nilimkuta ana kidonda mguuni kilichokataa kupona. Nikamwamkia, nikauliza vidonge viko wapi.

"Mwanangu," akaniambia, "wale wa kliniki wananitoboa kidole tu wananipa namba moja. Huyu kanipa makaratasi ishirini. Na ni kompyuta, kompyuta haina uchoyo."

Tulimshusha hospitali. Walimkata vidole viwili vya mguu. Anaendelea vizuri, anatembea, Jumapili anakuja Misa kwa fimbo, lakini vile vidole havirudi.

Tujiulize basi: kwa kushika fimbo ya chuma, nini kinaweza kusomwa? Kwa ukarimu wote, ni mkondo mdogo wa umeme kupitia ngozi ya kiganja, na huo unabadilika ukitoka jasho au ukinawa mikono. Sukari iliyo kwenye damu haisomeki hapo. Kurasa nyingine zinatoka kwenye programu. Na kuna mashine za kweli zinazosoma mwili kwa fizikia ya kwantamu, tena zipo Tanzania. Muhimbili wana MRI. Ile inachezesha viini vya haidrojeni vilivyo kwenye maji ya mwili wako, na ili ifanye hivyo inahitaji sumaku yenye nguvu maelfu ya mara kuliko ile ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Kwa kawaida sumaku hizo zinapozwa kwa heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Chumba kizima. Ocean Road wametibu kansa kwa mionzi ya kobalti, na kobalti hiyo inapungua nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo. Hakuna anayeweza kusema atomu ipi itavunjika sasa hivi, lakini kwa atomu zote pamoja hesabu haikosei. Hiyo ndiyo kwantamu iliyo ndani ya gunia. Hii ya sokoni ina kompyuta na waya, imekopa jina tu.

Msinielewe vibaya juu ya dawa zetu. Usambara ni milima ya miti na majani, na bibi anayekuchemshia majani anakuambia wazi, "mimi nilipewa na mama yangu, jaribu". Anasema anachokijua na alikokitoa. Ndiyo yake ni ndiyo, hata kama bado unatakiwa kwenda kupima. Tatizo la ile fimbo linaanzia kwenye jina lake: linamfanya mama mkubwa afikiri kuna wanasayansi nyuma ya karatasi, na hawapo. Someni Yoshua bin Sira, sura ya 38, aya 1 hadi 15. Ni kitabu ambacho sisi Wakatoliki tunacho, basi tukitumie. Anataka tumheshimu tabibu, anasema dawa zinatoka kwa Bwana katika ardhi, na anapanga vizuri kabisa: sali, tubu, kisha mpe tabibu nafasi yake. Vyote.

Nilimtafuta aliyempima. Nilitegemea kukutana na tapeli wa mjini. Nikakutana na kijana wa kwaya yetu, VIWAWA mwenzetu, mwenye shahada, miaka mitatu bila ajira. Mashine aliinunua kwa mkopo.

"Frateri, mimi nilipewa semina siku tatu," alisema. "Waliniambia inasoma mawimbi ya seli. Nikiulizwa zaidi najibu ni kwantamu, watu wananyamaza."

Nikamuuliza, "Na wewe, ukijiuliza mwenyewe?"

Akakaa kimya muda mrefu. Akasema, "Nami nanyamaza."

Hapo ndipo mstari wa Mt 5:37 ulipo, vijana wenzangu. Hakuwa amepanga kudanganya. Alikuwa na neno ambalo hajui maana yake, na akagundua kwamba neno hilo linafunga midomo ya watu. Amri ya nane (Kut 20:16) tunaifikiria kama kosa la mtu anayejua ukweli na kuusema kinyume. Lakini kushuhudia usichokiona nako ni ushuhuda wa uongo. Ukimwambia mama "kongosho yako iko kawaida", umetoa ushahidi. Uliiona wapi?

Aliniuliza kama ni dhambi kuuza. Nilimjibu hivi, na namjibu yeyote mwenye meza kama ile. Kabla hujauliza, ulikuwa na kiasi cha kutokujua kilichokupunguzia kosa, padre wako wa maungamo ataona na wewe. Baada ya kuuliza, huna tena. Funga meza. Usimwachie mwingine kwa bei nafuu, maana atakwenda nayo Mtae au Mlalo, na huko nako kuna mama wakubwa. Katekisimu namba 2487 inasema kosa dhidi ya ukweli linadai fidia, hata kama umeshasamehewa. Zakayo hakuishia kusikitika, alihesabu (Lk 19:8). Kwa hiyo tulikaa tukaandika majina ya wote aliowakumbuka kuwapima, akapita nyumba kwa nyumba, nikafuatana naye siku mbili za kwanza. Maneno tuliyokubaliana ni machache: "Mama, ile karatasi si kipimo. Ukiwa una vidonge vya kliniki, rudi. Ukiwa hujapima, kapime." Hatukueleza elektroni hata mara moja. Nyumba moja tulifukuzwa. Nyingine mzee alitoa karatasi zake kutoka kwenye Biblia, alizitunza humo. Mama mkubwa alimpa chai. Alimwangalia tu, akamwambia, "Baba, kunywa, imepoa."

Na ninyi msio na meza, angalieni kwenu. Ukimkuta mzazi ana ripoti ile, usimcheke wala kuichana. Ichukue, muulize ilimwambia nini, muulize ameacha dawa gani. Hilo la pili ndilo la haraka. Nenda naye kliniki mwenyewe, mkae wote kwenye foleni, maana mara nyingi alichokitafuta kwenye kurasa ishirini ni mtu wa kumkalia na kumweleza. Kipimo cha sukari ni tone moja la damu na namba moja. Muuguzi akimaliza, mwombe amweleze mama maana ya ile namba kwa Kiswahili cha kawaida, na kama mama anasikia Kisambaa vizuri zaidi, mweleze wewe.

Mkopo wa yule mwenzetu bado haujaisha. Kanda yetu ya VIWAWA imempa nusu eka ya viazi kwenye shamba la kigango, mavuno yatakwenda kulipa. Mbegu magunia mawili zimeshapatikana, mbolea ya samadi bado tunatafuta. Tunapanda Jumamosi ijayo baada ya Misa ya asubuhi, kabla mvua za vuli hazijakolea. Mwenye jembe la ziada aje nalo.

Frateri wenu, Mlola.